Badala ya Manne, Soma Matano

Nimestaafu nikiwa na umri wa miaka thelathini na mitatu. Mnaruhusiwa kucheka. Hata mimi nilicheka daktari wa macho aliponiambia kuwa macho yangu yameshatumika kama ya mtu wa miaka sitini, na kwamba nikiendelea kusoma herufi ndogo kutwa nzima nitakuja kuhitaji mtu wa kunisomea namba za mabasi. Kazini wakaniaga kwa saa ya ukutani, ambayo namba zake sizioni nikiwa kitandani. Binamu yangu Salma, anayewasimamia wasomaji prufu wapya huko Dar es Salaam, akaniandikia kuwa kwa vile sasa sina la kufanya, niwaeleze vijana wake namna nilivyofanya kazi yangu. Haya, vijana wa Salma. Habari za vyeo na mshahara naziruka, kwa sababu ni fupi na zinatia huzuni.

Nilifika Birmingham kutoka Tanga mwishoni mwa miaka ya sitini. Alinipokea shangazi yangu, Bi Mwanaidi, mjane asiye na mtoto, aliyekuwa akiishi mtaa wa Alum Rock katika nyumba nyembamba ya matofali mekundu yenye choo uani na shimo la makaa chini ya sakafu. Kazi yake ilikuwa hospitalini, kwenye chumba cha kufulia: mashuka ya wodi yanaingia machafu asubuhi, yanatoka yamepigwa pasi mchana. Alinitafutia nafasi hapo hapo. Nikaikataa, kwa kuwa nilijiona msomi.

Usomi wenyewe niueleze. Shule niliishia darasa la nane. Kiingereza changu kilichobaki nilijifundisha kwa maandishi ya kwenye makopo, matangazo ya steshenini, magazeti yaliyofungia chipsi, na kamusi kuukuu niliyoinunua sokoni ikiwa imechanika kurasa za mwanzo, kwa hiyo kwa miaka mingi nilikuwa sina imani na neno lolote linaloanza na herufi A. Nilipokwenda kuomba kazi katika kiwanda kidogo cha kupiga chapa karibu na mfereji mpana wa kupitishia mashua za mizigo, wakaniuliza kama nimemaliza sekondari. Nikasema ndiyo. Hawakudai cheti. Mimi ndiye niliyeendelea kujidai cheti hicho kila siku kwa miaka, moyoni, na yote nitakayosimulia yalitokana na hilo. Mtu aliyeingia kwa uongo mdogo hataki kuuliza maswali, asije akaulizwa na yeye.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kushika mswada. Sijui kama kwenu bado ipo. Watu wawili wanakaa mezani. Mmoja anasoma mswada kwa sauti, mwingine anafuata kwenye prufu, ile karatasi ya majaribio iliyotoka kupigwa chapa, na kalamu mkononi. Anayesoma hasomi maneno peke yake. Anasoma mikato, nukta, herufi kubwa, aya mpya, kila kitu, kwa sauti iliyonyooka kama ya mtu anayetaja mizigo bandarini. Aliyenisikiliza alikuwa Bwana Tolley, mzee wa kifua kipana aliyeanza kazi kwa kupanga herufi za madini ya risasi kwa vidole. Aliniita "bab," neno ambalo wenyeji wa Birmingham humgawia kila mtu, mpaka paka wa jirani.

Kiwanda chetu kilichapa ratiba, katalogi za skrubu, na, mara mbili kwa mwaka, mkusanyo wa hadithi fupi za kale za enzi ya Malkia Victoria, za mizuka na nyumba zisizotulia. Kwa hiyo asubuhi yangu ya kwanza nilisoma hivi: "Mlango ukafunguka wenyewe mkato na kizingitini alikuwa amesimama aya ileile herufi kubwa Bibi Lomas mkato aliyekufa tangu herufi kubwa Alhamisi nukta." Nywele zilinisimama. Bwana Tolley akapiga mwayo, akaniambia nimeruka kistari.

Zana zilikuwa chache. Kalamu mbili, nyekundu kwa makosa ya mpangaji herufi, bluu kwa mashaka yetu. Lenzi. Na kipande cha kadibodi chenye tundu la upana wa mstari mmoja, ambacho unakiteremsha kwenye ukurasa ili jicho lisikimbilie mbele. Jicho ni mwongo mkubwa wa kazi hii. Linaona linachokitarajia, kisha linarudi kukuambia limeona. Bwana Tolley alinifundisha pia kusoma ukurasa wa mwisho kwa kurudi nyuma, neno moja moja, ili maana isinipumbaze. Na akanifundisha sheria moja ambayo ndiyo sheria yote: msomaji prufu habadilishi kitu cha mwandishi. Anaweka alama ya kuuliza pambizoni kwa wino wa bluu, anasubiri jibu. Aliyekaa kwenye kiti kile kabla yangu alibadilisha bila kuuliza, akaonyeshwa mlango.

Mikusanyo ile iliandaliwa na Bi Ridgeway, mwalimu mstaafu aliyevaa koti la mvua la kiume hata juani, akivuta sigara na kuidondoshea majivu miswada yetu. Yeye ndiye aliyenieleza hadithi zile zimejengwaje. Kuna upande aliouita wa Kigothi: kuta zenye unyevu, milango inayolia, wafu wasiojua kuaga. Na kuna uhalisia: bei ya makaa, kifungo kilichokatika, treni iliyochelewa, mwenye nyumba anayetaka kodi yake. Waandishi dhaifu, alisema, hutupa mzimu ukurasa wa kwanza na kumwacha apige kelele mpaka mwisho. Waandishi wenye akili hukupikia kwanza. Wanakukalisha jikoni kurasa kumi, unasikia harufu ya kitunguu, unajua nani anadaiwa na nani, na ukishaizoea nyumba hiyo kama yako, ndipo kinapotokea kitu kimoja kisichofaa kuwa pale. Bwana Tolley alilisema hilo kwa maneno machache zaidi: mzimu asiye na makaa jikoni ni mtu aliyejifunika shuka tu.

Nilielewa upesi, nadhani kwa sababu nyumba yetu ya Alum Rock ilikuwa ya miaka hiyo hiyo. Ilikuwa na unyevu, milango inayolia na mwenye nyumba anayetaka kodi yake.

Baada ya miaka mitatu ya kushika mswada nilipewa kiti cha msomaji, kwa majaribio ya miezi sita. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipopata mshahara. Katika mkusanyo wa kwanza niliousoma mwenyewe nilijaza pambizo kwa wino wa bluu. Niliuliza iwapo mwezi ungeweza kuwa mpevu siku mbili mfululizo. Niliuliza vipi marehemu ameacha nyayo za matope wakati mvua haijatajwa. Niliuliza mzimu wa ukurasa wa arobaini amepitaje mlango uliofungwa kwa ndani ukurasa wa thelathini na nane. Bi Ridgeway alizirudisha prufu na jibu moja kwa maswali yote: kwamba ni mzimu, mpenzi wangu, ndiyo kazi yake. Bwana Tolley akayasoma maswali yangu wakati wa chai, moja baada ya jingine, kwa ile sauti iliyonyooka ya kushikia mswada, na chumba kizima kikacheka mpaka mpiga taipu akamwaga chai. Nilicheka pamoja nao. Kisha nikaenda chooni kulia, na njiani kurudi nyumbani nikaapa kuwa sitauliza tena swali la kijinga.

Mkusanyo uliofuata ulikuwa na hadithi ambayo Bi Ridgeway aliiokota katika gazeti lililokwisha kufa, isiyo na jina la mwandishi. Aliipenda kuliko zote. Dibaji nzima aliiandika kwa ajili yake, na aliogopa sana kuiharibu, hata akaishia kusema tu kwamba msomaji ashike subira mpaka mstari wa mwisho. Inahusu mjane anayewafulia nguo wapangaji watano, wanaume wa kazi, katika mtaa wa moshi kama wetu. Hakuna kuta zinazolia. Kuna magadi, sabuni, wanga, vidole vilivyopasuka kwa baridi, na namna ya kutoa doa la grisi kwenye kola. Mmoja wa wapangaji, karani mpole, anazama mferejini mwezi wa Novemba. Mjane anafua shati lake mara ya mwisho, la kumzikia. Majira yanapita, kazi inaendelea. Na hadithi inaishia hivi: "Jumatatu ilikuwa na upepo mzuri, na kufikia saa sita mashati yote matano yalikuwa yamekauka."

Wiki ile Bwana Tolley alikuwa nyumbani akiugua mgongo. Kurasa zilikuwa zimekwisha kukubaliwa na Bi Ridgeway. Kilichobaki ni mimi kuzipitia mara ya mwisho na kutia saini yangu, peke yangu, kwa mara ya kwanza. Nikazisoma kwa kadibodi. Nikausoma ukurasa wa mwisho kwa kurudi nyuma, kama nilivyofundishwa, na kwa kuwa nilikuwa nasoma neno moja moja ili maana isinipumbaze, maana haikunipumbaza hata kidogo. Nikaona matano. Nikahesabu wapangaji kwa vidole: watano, toa mmoja.

Ningeweza kuuliza. Wino wa bluu ulikuwepo. Lakini nikaisikia chai ikimwagika, nikawaona watu wanacheka, na nikajiambia kuwa hili si suala la mizimu, hili ni la kujumlisha na kutoa, hata mtu wa darasa la nane analiweza. Nikakata matano kwa wino mwekundu. Nikaandika manne. Nikatia saini, nikaenda nyumbani nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nifike Uingereza.

Jumapili yake mchana, Shangazi akipiga pasi jikoni, nikamsimulia. Nilitaka aone kuwa sikukosea kuyakataa mashuka. Nikamweleza hadithi yote, na jinsi mwandishi Mwingereza, na wachapaji wa gazeti lile, na mwalimu mstaafu mzima, wote walivyoshindwa kuhesabu mpaka nilipokuja mimi.

"Walikuwa wangapi?" akauliza.

"Watano, Shangazi. Mmoja kafa."

"Na yeye kaanua mangapi?"

"Kaandika matano. Nikamrekebishia, manne."

Akaisimamisha pasi. "Rukia, umemtoa mtu nyumbani kwake."

Nikamwambia hapakuwa na mtu, palikuwa na kosa la hesabu.

"Wewe mtoto, miaka saba niko kwenye nguo za watu. Zinapotea, zinachanika, zinakwenda wodi isiyo yake. Sijaona siku zimezidi. Mfua nguo hawezi kukosea kwa kuzidisha. Ikizidi moja, anaijua ya nani." Akachukua pasi, akaipitisha kwenye kola, kisha akauliza, "Na huyo mama, alipoiona alisemaje?"

"Hakusema kitu. Hadithi imeishia hapo."

"Maskini," akasema Shangazi. "Kumbe kashazoea."

Nilikaa kwenye kiti cha jikoni. Hadithi nzima, magadi na wanga na kola, ilikuwa imejengwa ili ibebe shati moja, nami nimelianua. Shangazi, asiyejua kusoma Kiingereza, alimwona mzimu kutoka kwenye meza ya pasi. Mimi nilimshika kwa kalamu, nikamfuta kwa sababu hakuwa kwenye hesabu.

Nikiri yaliyonipitia usiku huo, maana nimeahidi kusema kweli. Niliomba moto uwake kwa wafunga vitabu, moto mdogo, usiomdhuru mtu. Nilipanga kumsingizia mpangaji herufi. Nilijiambia kuwa hakuna atakayegundua, na hilo ndilo lilikuwa kweli, na ndilo lililoniuma. Nikinyamaza, kiti kitabaki changu na hadithi ya Bi Ridgeway itabaki habari ya sabuni. Nikisema, natoka, na nikitoka, wengine watakaotaka kuniandika watadai cheti, na sina.

Jumatatu asubuhi karatasi zilikuwa zimeshachapwa zote na kukunjwa. Bi Ridgeway alikuja saa nne kuziangalia, na Bwana Tolley alikuwa amerudi, amekaa wima kama mtu aliyemeza rula. Nikawaambia wote wawili nikiwa nimesimama. Nikaongeza na la cheti, ingawa hakuna aliyeuliza. Nilipoanza kukiri nikashindwa kujizuia.

Bi Ridgeway aliufungua ukurasa, akausoma mstari ule. Majivu ya sigara yakaanguka juu yake wala hakuyapuliza.

"Miaka kumi na mmoja nimekaa na shati hilo," alisema. "Nani amekwambia?"

"Shangazi yangu. Anafanya kazi ya kufua nguo hospitalini."

"Na wewe unafanya kazi gani?"

"Mimi nasoma, Bi Ridgeway."

Bwana Tolley aligeukia dirishani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko, na kwa mgongo ule lazima ilimuuma.

Mwenye kiwanda alikataa kuchapa upya. Karatasi ilikuwa ghali, na yeye, alisema, haoni tofauti kati ya mashati manne na matano katika kitabu ambacho watu wanasoma ili wapate usingizi. Alikuwa tayari kunifukuza, hilo halikumgharimu karatasi. Bwana Tolley akamjibu kuwa msomaji aliyefanya kosa hili hatalifanya tena, ila mpya atakuja na la kwake. Hukumu ikawa nirudi kushika mswada hadi kiangazi, na kitabu kitiwe kijikaratasi cha masahihisho, kilichochomekwa bila gundi mwishoni mwa hadithi, na nikiandike mimi.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na mistari tisa. Ilieleza masikitiko ya wachapaji, ikamtetea mwandishi, ikawaomba wasomaji radhi mara mbili. Bwana Tolley akaisoma, akasema kosa halihitaji wasifu wake. Akakata, nikakata, akakata tena. Kikatoka hivi: "Ukurasa wa 112, mstari wa mwisho. Badala ya manne, soma matano."

Barua zilianza kuja baada ya mwezi mmoja. Kwa kawaida mikusanyo yetu ilipata barua mbili, mojawapo ya mtu aliyeona kosa la nukta. Safari hii zilijaza kikapu. Mtu mmoja wa Handsworth alieleza kuwa alikuwa ndani ya basi kwenye Soho Road, akaimaliza ile hadithi, akaiona hadithi nzuri ya mama mchapakazi, akafunga kitabu akiwa ametulia kabisa. Kijikaratasi kikamdondokea gotini. Akakisoma, na alipopata fahamu alikuwa amepitiliza vituo viwili. Bibi mmoja aliandika kwa hasira kuwa wachapaji waliostaarabika huwaweka mizimu ndani ya hadithi, hawawaweki kwenye masahihisho, na kwamba hajaanika nguo uani tangu Jumanne. Wengi waliuliza ni nani aliyebuni ujanja huo.

Bi Ridgeway alizisoma zote pale mezani kwetu. Mimi nilikuwa nimeshika mswada wa katalogi ya bawaba, nikijifanya sisikii. Mwishowe akasema, si kwangu hasa, kuwa yeye alidhani mstari wa mwisho ndio mahali pa kufichia kitu. Kumbe msomaji anapofika mstari wa mwisho huwa bado amekaza mabega, anangoja. Akishafunga kitabu, ndipo anapoyalegeza.

Nilirudishiwa kiti changu kiangazi, kama walivyosema. Toleo la pili lilipoagizwa, nilimwendea Bi Ridgeway nikiwa na ukurasa wa 112 mkononi na kalamu nyekundu imejaa wino. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo kwa miezi kumi na minane. Nikamwambia sasa tutaliweka shati mahali pake, na kile kijikaratasi tutakitupa.

"Usiguse," alisema.

Nikamsihi. Nikamwambia kosa ni langu, nina haki ya kulifuta. Nikamkumbusha sheria: hatubadilishi kitu cha mwandishi.

"Mwandishi amekufa, na angekuwa hai angekuibia hilo," akasema. "Manne yabaki. Chapa kijikaratasi."

Yamebaki. Kitabu kimetoka mara tano hadi leo, na kila mara kosa langu huchapwa kwa makusudi, kwa herufi safi, na mtu mwenye tabia kama yangu anapaswa kuhakikisha kuwa limekaa sawasawa. Mimi ndiye niliyelihakikisha mara zote tano. Toleo la tano liliingia wiki yangu ya mwisho, macho yakiwa yameshaanza kuona mistari miwili palipo na mmoja. Waliniletea ukurasa, na kijikaratasi juu yake. Nikashika lenzi. Nikasoma kijikaratasi mara tatu, mara ya tatu kwa kurudi nyuma. Hakikuwa na kosa, nikatia saini.